Fomu ya Ishirini na Tatu: Risala ya Darasa la Kuonja kwa Daktari Bingwa wa Mifupa

Mgeni rasmi, daktari wetu bingwa wa mifupa, mkuu wa chuo, walimu, nesi mkuu uliyetuvumilia, wazazi na walezi, na ninyi wagonjwa mliokubali tujifunzie kwenye mishipa yenu:

KARIBU

Tunakukaribisha kwa mikono miwili, iliyooshwa hadi viwikoni kama ulivyotufundisha. Tunajua una mgonjwa saa nane, kwa hiyo hatutazunguka mbuyu. Tuseme mapema, tusije tukaonekana tumekuvizia: tuna ombi moja, nalo lina saa yake. Ofisi ya usajili inafungwa leo saa tisa alasiri. Fomu za kuchagua fani zinatakiwa ishirini na tatu, kila moja na sahihi ya mzazi. Zimefika ishirini na mbili.

TULIKOTOKA

Tulianza mwezi wa kwanza. Utaratibu ulikuwa kuonja: wiki mbili kila idara, kisha kila mtu achague moja ya kusomea. Tulikuja ishirini na watatu. Ishirini na wawili tulitaka udaktari, na mmoja alikuwa amekosea lango, akitafuta chuo cha hoteli. Huyo leo ndiye kinara wa idara ya lishe, na wagonjwa wa kisukari wanamwogopa kuliko sindano.

Ukweli ni kwamba tulikuwa tumependa koti jeupe. Siku ya pili tukamkuta mpishi kalivaa, fundi wa maabara kalivaa, na kinyozi wa nje ya geti naye kalivaa. Ndipo akili zikaanza kurudi.

MAFANIKIO

Katibu anayekusomea risala hii alizimia chumba cha upasuaji wakati daktari bado ananawa mikono. Sasa amepata makazi masjala, ambako majalada hayatoki damu, na faili la mgonjwa lililopotea tangu mwaka juzi ameligundua chini ya mguu wa meza, likizuia meza isiyumbe. Meza sasa inayumba, lakini mgonjwa amepatikana.

Mwenzetu mpole kuliko wote amechagua mochwari. Tulidhani ni utani. Mhudumu wa pale, tunayemwita Mjomba, akamwuliza, "Huogopi?" Akajibu, "Mjomba, hawa hawajawahi kunisengenya."

Wengine wameangukia eksirei, famasia, ukunga na mazoezi ya viungo. Hakuna aliyelazimishwa. Kila mmoja alifika mahali, siku ikamwishia bila kutazama saa, akajua ni hapo.

CHANGAMOTO

Zipo. Glavu ni za saizi moja, ya mtu mkubwa ambaye bado hajazaliwa. Benchi la darasani lina miguu mitatu na tunaliketia kwa zamu na kwa imani. Shangazi zetu wanapiga simu kueleza maumivu ya kiuno, mtu akisema, "Shangazi, mimi ni wa eksirei," anaambiwa, "Basi nitazame hivyo hivyo kwenye simu."

Lakini changamoto kubwa, kwa heshima zote, ni ninyi wazazi. Kwenu hospitali ni daktari na mgonjwa. Wengine wote ni watu wa kupisha njia.

Tunaye mwenzetu tunayemwita Bisibisi. Hatutamtaja jina wala ubini, kwa sababu ubini wake umeandikwa kwenye mlango wa ofisi yako. Yeye hakujua kwamba tungeyasema haya. Hapo anapojificha nyuma ya bega la mwenzake, tunamwomba radhi.

Alipoonja chumba chako cha upasuaji, wenzake walitazama goti la mgonjwa, yeye akatazama meza. Akanong'ona, "Parafujo ya huku imelegea." Nesi mkuu akamwambia, "Nyamaza, mwanangu, baba yako anakata." Meza ikashuka upande. Kazi ilipokwisha, binti akatoa bisibisi mfukoni, na tangu siku hiyo meza ile haijamwinamia mtu.

Kisha zamu ikamfikisha karakana ya viungo bandia, nyuma ya dobi. Huko alimkuta fundi cherehani uliyemkata mguu mwaka jana, ukamwokoa roho. Mguu aliopewa ulifaa kutembelea, ila haukuweza kukanyaga pedali, na mama huyu anakula kwa kushona, si kwa kutembea. Bisibisi akamfuata hadi dukani, akalala chali chini ya cherehani, akapima kifundo kinavyopaswa kupinda. Alirudi karakana mara sita. Mara ya sita gurudumu likazunguka. Fundi cherehani hakutoa hata asante. Alisema, "Mwanangu, niletee kitambaa."

Wiki iliyopita Bisibisi alikuletea fomu ukiwa mezani. Ukamwambia, "Mama, sikukusomesha ili ukarande miguu ya mbao." Akasema, "Baba, siku hizi si mbao. Na mimi nimekuona kazini umeshika nyundo." Wewe ukaomba chumvi. Fomu ikabaki pale, ikapata doa la mchuzi.

MAOMBI

Glavu, tafadhali, za watu waliokwisha kuzaliwa. Benchi, mguu wa nne.

La tatu ndilo tulilokuitia. Mgeni rasmi, hatukukatazi kutamani daktari mwingine nyumbani. Wadogo zake bado wapo, wajaribu wao. Lakini fundi cherehani yule yumo humu ukumbini, mstari wa nyuma, amekuja kwa miguu yote miwili. Ulipomaliza wewe, alikuwa na mmoja. Mtu akitoka mikononi mwako, lazima awepo wa kuanzia pale ulipoishia, na huyo umemzaa mwenyewe.

Fomu iko mbele yako, chini ya glasi ya maji. Doa halijafika penye sahihi. Kalamu tumeijaribu, inaandika. Sasa ni saa saba na nusu, ofisi ya usajili ni mlango wa tatu kulia, na mwenzetu wa mazoezi ya viungo amekwisha kuvua viatu tayari kukimbia.

Mola akujalie mkono usiotetemeka, leo kuliko siku zote, na mgonjwa wako wa saa nane apone.

Ni sisi watoto wako, ishirini na wawili wenye sahihi na mmoja anayekutazama,

Darasa la Kuonja Fani za Afya.