Pipa Lenye Maji Safi

MDOGO: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Mwenzako nani! Namba ya dada yako umeshaifuta?

MDOGO: Aa, dada! Shikamoo. Umerudi safari—

DADA: Mwani wangu uko wapi?

MDOGO: Mtandao... unakwaruza, sisiki—

DADA: Unasikia vizuri sana! Nimefika maabara, pipa la tatu limekombwa. Mlinzi anasema umebeba wewe, siku nilipokuita uoshe mapipa.

MDOGO: Si wewe uliyesema mwani ni chakula bora cha kuku?

DADA: Wa pipa la kwanza! Unaokua kwenye maji ya bomba! La tatu nalijaza maji machafu ya karakana ya betri—

MDOGO: Machafu wapi? Umebandika karatasi kwa mkono wako: "Maji yamesafika." Ndiyo maana nikachagua hilo!



DADA: Yamesafika kwa sababu mwani umeibeba risasi yote, yale madini ya sumu ya betri, kichwa maji we! Dakika chache tu madini yamenata kwenye ngozi yake, mengine yanazama ndani polepole. Sumu haikupotea. Imehama!

MDOGO: Lakini niliuosha, dada—

DADA: Haitoki kwa maji!

MDOGO: Nikauanika mpaka ukafa kabisa—

DADA: Hata ukiwa mfu unaishika sumu! Kuku wamekula?

MDOGO: Wiki ya pili hii. Na wanataga, dada, usione, viini vimekolea—

DADA: Nani anayala hayo mayai?

[Mkwaruzo.]

DADA: Nakuuliza, nani anayala?

MDOGO: Mimi na mayai, unajua, hatupatani.

DADA: Mwanangu yuko wapi?

MDOGO: Uliponiachia ulinisisitizia mwenyewe, nisimpe chai tupu...

DADA: Mangapi?

MDOGO: Mawili. Kila asubuhi.

DADA: Mungu wangu. Mvalishe viatu. Hospitali, sasa hivi! Waambie wampime risasi kwenye damu. Usiseme hujui amekula nini, sema—

MDOGO: Dada, nisamehe, wallahi sikujua—

DADA: Utaniomba msamaha baadaye! Karatasi niliandika mimi, mjinga mimi, nikasifu maji nikasahau— Salio langu linakwisha. Mvalishe viatu!

MDOGO: Namvalisha, nam— We mjomba! Weka hilo yai chini! Weka chini nimesema!

DADA: Anakula *sasa hivi?*

[Simu imekatika.]