Kinu Kilichovuka Soksi Nyekundu

Mheshimiwa Meya, Baba Kasisi, mkuu wa maktaba yetu, ndugu wanafunzi wenzangu wa darasa la Alhamisi, na wewe Mwalimu Muriel Oldroyd, unayestaafu leo huku ukikataa kunitazama:

Mimi ni Clifford Haigh, fundi bomba. Nimepewa kazi mbili, kumsifu mwalimu wetu na kuvuta kitambaa kile ili kibao chake kionekane. Kusifu naweza. Kuvuta, kusema kweli, sijui.

Nani kati yetu haijui kamba yake? Miaka ishirini na sita ameifunga ukuta hadi ukuta, akatundika maandishi ya kale ya Kiingereza kwa vibanio vya nguo, kila kipindi mahali pake. Katikati, soksi nyekundu ya marehemu mumewe: mwaka 1066, Wanormani wametua kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza. Ya kabla yao, kushoto. Ya baada yao, kulia. Na kushoto kabisa, shairi la bonde letu, alilolikuta mwenyewe ndani ya jalada la kitabu cha kanisa, akaliandikia kitabu kizima.

Alhamisi iliyopita tukausoma tena ule mstari wake wa kinu cha kusaga nafaka kinachonyamaza upepo ukilala. Tumeusoma mara mia, tukitikisa vichwa kwa huzuni. Mimi na mdomo wangu nikauliza, "Mwalimu, kinu cha mtoni, kinachozungushwa na maji, kina shida gani na upepo?"

Akaufuata mstari ule tena kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Cliff, hicho si cha mtoni. Kinaendeshwa na upepo. Na vinu vya namna hiyo havikuwapo huku mpaka Wanormani walipokwisha kukaa zaidi ya miaka mia." Chai yake ikapoa bila kuguswa.

"Fupisha, Cliff, keki zinakauka!" Nimekusikia, Doreen. Ningefupisha kama ningeujua mwisho.

Maana kibao kinasema shairi letu ni la kabla ya Wanormani. Nikivuta, si nitakuwa ninamsifu kwa kosa? Nisipovuta, si nitakuwa nimempokonya siku yake? Nampenda huyu mama, jamani, na nimemharibia kwa swali moja la kipumbavu.

Mwalimu, unakwenda wapi? Mabibi na mabwana, mnaona wenyewe: amelitoa shairi kwenye kibanio, ameivuka soksi nalo, analibana kulia. Sema kwa sauti, Mwalimu, wasikie.

"Mfalme alibadilika, Cliff, lakini watu wa bonde hili waliendelea kutunga kwa lugha ya bibi zao. Mimi sikuliona hilo; lugha ya kale ilinidanganya. Vuta kitambaa. Kibao kikae na kosa lake, na kila mwanafunzi mpya aanze kwa kulitafuta. Darasa la Januari nimekwisha kukuandikisha."

Kusoma tena?

"Kufundisha, Cliff."

Haya. Navuta. Asanteni kwa kunivumilia, na kama yupo aliyeelewa kilichotokea hapa, namwomba anieleze kabla ya Januari.