Mama Lenzi na Mistari Iliyopinda

Marehemu mdogo wangu, ambaye wengi mlimwita Mama Lenzi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba, akiwa kitinda mimba. Tangu utotoni alipenda kuchungulia. Miwani ya bibi ikipotea hatukuisaka miwani, tulimsaka yeye.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya soko, kisha bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu fizikia mwaka 1982. Mengine ya huko siyawezi, nisije nikadanganya mbele za watu.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika karakana ya lenzi za hadubini. Alizichora kwenye kompyuta na kuzijaribu humo humo, aone mwanga utapitaje kabla kioo hakijakatwa. Lenzi ikishasuguliwa, aliipima kwa mwanga uliochora mistari kwenye skrini. Ikinyooka, lenzi safi. Ikipinda, kuna kasoro.

Msugua vioo alikuwa shemeji yetu huyu mnayemwona. Kila lenzi yake ilipopimwa, marehemu akiwa mbali kwenye skrini, yeye alikuja kusimama ubavuni mwa meza ya kupimia, roho juu, na kila mara mistari ilipinda. Mkuu wa karakana akasema nyingine ikikataliwa, mtu atamwaga unga.

"Bwana we, hiki umesugulia gunzi?" marehemu alimuuliza.

"Kioo changu kizima, dada. Labda kompyuta yako ndiyo inaota!"

Shemeji akatoka kwa hasira. Mistari ikanyooka. Marehemu akamwita arudi, ikapinda. Akamfukuza, ikanyooka. Kumbe joto la mwili wake lilikuwa likiichezesha hewa ambamo mwanga ulipita!

"Kasoro ni wewe!" alimwambia, wakacheka mpaka mkuu akaja kuuliza kuna nini. Lenzi zikapimwa upya, zote safi, na kazi ya shemeji ikapona. Tangu hapo utepe mwekundu ulibandikwa sakafuni, naye asiuvuke.

Walifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1987. Baba alipomuuliza amempendea nini, alijibu, "Baba, huyu akisogea tu, hata mwanga unajua." Mzee wa watu hakuelewa, ila alibariki. Walijaliwa binti na mwana.

Marehemu alistaafu mwaka 2017. Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na mwishoni mwa Aprili mwaka huu akalazwa. Shemeji, kwa mazoea, alisimama mlangoni, mbali na mashine za kupimia moyo.

"We mzee, mbona umeganda huko?"

"Nisije nikakuharibia vipimo."

"Njoo hapa. Leo sipimi."

Akaja, akamshika mkono. Hakuuachia mpaka asubuhi ya tarehe 3 Mei, marehemu alipotutoka, uso wake umekunjuka kama mtu aliyekumbuka kichekesho.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na sisi kaka zake wawili tuliobaki.

Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani, mwanga aliouhangaikia umzunguke. Nanyi mliosimama kule nyuma, sogeeni karibu na shemeji. Leo hatupimi kitu.