Bi Jikoni Anastaafu, Ziara za Nyumbani Zisistaafu Naye

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mshauri wetu wa madeni anafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na tisa ya kukaa na watu ambao madeni yamewafika shingoni. Mkuu wa ofisi alinipa mimi wa mapokezi kazi ya kuandika maneno ya kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe. Akaniambia, "Andika mazuri tu." Basi ninaandika mazuri. Ila ninayaandika nikiwa nimekasirika, maana hayo mazuri yenyewe ndiyo yaliyotaka kufutwa.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: mtu akishindwa kabisa kulipa madeni yake, anaruhusiwa kuiomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika. Ikikubali, madeni yanafutwa, mtu anaanza upya. Lakini kabla ya ombi kupelekwa, lazima aandae bajeti ya nyumba yake, kinachoingia na kinachotoka. Ikionekana kuna kinachobaki, anaambiwa akawalipe wanaomdai. Isipoonekana, anasikilizwa. Kuandaa bajeti hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Bi Jikoni. Ukiisikia unaiona ndogo, lakini nimeona familia ikilala kwa amani kwa sababu ya bajeti iliyoandikwa vizuri, na nyingine ikifukuzwa kwenye nyumba kwa sababu ya ile iliyoandikwa vibaya.

Aliingia hapa kama mpiga chapa. Akajisomea jioni, akapata cheti cha ushauri, akapewa meza yake. Miaka hiyo wateja walijaziwa bajeti hapa hapa ofisini, kwenye benchi la korido, na mahakama ilikuwa ikiyarudisha maombi yao kama chenji. Wakubwa walisema wateja ni waongo. Bi Jikoni akasema ni waongo kweli, ila wanadanganya kwa kujiumiza.

Ni hivi. Mtu anayekwenda kuomba madeni yafutwe hataki aonekane anakula. Anaona aibu. Basi anafuta sabuni, anafuta nauli, anafuta viatu vya watoto, anaandika kwamba nyumba ya watu sita inaishi kwa unga na maji. Anadhani hakimu ataona huyu ni mtu mwaminifu, si mfujaji. Hakimu anajumlisha, anaona kuna kinachobaki, anamwambia akalipe. Watu wengine hutia chumvi kwenye habari zao. Wateja wetu wanaitoa hata ile iliyokuwemo.

Ndipo Bi Jikoni alipoanza kuwafuata majumbani. Akifika alikataa kukaa sebuleni. Alisema sebuleni watu wanakufa kiofisa, wanaficha shida kwa tabasamu, yeye anataka kukaa penye moto. Wakili mmoja wa kampuni ya mikopo akambeza mbele ya watu kortini, "Huyo bibi wa jikoni ametuletea nini tena leo?" Yeye akarudi ofisini akaagiza kibao cha mezani kiandikwe BI JIKONI, kwa herufi za dhahabu. Mpaka leo kipo.

Msidhani ni mtu mpole. Hakuwahi kuwa mpole wala mnyenyekevu. Amekwenda kwenye nyumba za matope na viatu vya kisigino na kucha nyekundu, na ukimwambia avae raba anakuuliza kama umewahi kumwona ameanguka. Akitoka mahakamani ameshinda, ofisi nzima tunasimuliwa mara tatu. Mwanangu nilipomleta kazini kwa sababu sikuwa na wa kumwachia, alimweka kwenye kiti cha wateja na kuwaambia waliokuwa kwenye foleni, "Huyu ni bosi wenu leo, msimuudhi." Mtoto alijifunza kusimama akiwa ameshikilia kile kiti.

Nitawaeleza ziara moja, muelewe kwa nini damu inanichemka. Mwaka juzi alikuja fundi wa makochi. Alimdhamini shemeji yake, shemeji akayeyuka na mkopo, kampuni ikamgeukia fundi. Walikuwa wanataka kumchukulia cherehani, ambayo ndiyo mikono yake. Bajeti yake alikuwa ameshaiandika mwenyewe, safi, kwa mwandiko mzuri, na ilionyesha kuna kinachobaki. Bi Jikoni akaniambia nifuatane naye nikajifunze. Nikamfunga mwanangu mgongoni, tukaenda.

Jikoni kwa fundi palikuwa na sahani saba zimeanikwa. Bajeti ilikuwa na watu watano.

"Hizi mbili za nani?" Bi Jikoni akauliza.

Mke wa fundi akamwangalia mumewe. Fundi akasema, "Wageni wanakuja, dada."

"Mgeni gani ana mswaki wake hapo dirishani?"

Fundi akainama. Ikabidi aseme. Mama yake mzazi anakaa nao, chumba cha nyuma, na dada yake mdogo anayemwangalia. Mama ana kisukari. Ana dawa za kila mwezi, na chakula chake kinapikwa peke yake.

"Sasa mbona hukuwaandika?"

"Dada, niandike nini? Mama yangu nimweke kwenye safu ya gharama, chini ya kodi na mkaa? Nikamsome mbele ya hakimu kama bili? Siwezi. Heri cherehani iende."

Hata mimi niliona ana haki. Nani anamwandika mama yake kama gharama?

Sauti ikatokea chumba cha nyuma. "Niandike, wewe."

"Mama, pumzika."

"Nipumzike vipi na unanificha kama bidhaa ya magendo? Kula nakula. Dawa nakunywa. Andika. Na uandike na sukari ninayoiba, mkeo anajua."

Mke wa fundi akacheka huku anafuta machozi kwa upande wa nguo. Bi Jikoni akahamia chumba cha nyuma, akakaa kitandani kwa mama, wakaandika pamoja kitu kimoja kimoja, mama akimkosoa bei. Bajeti ilipofika mahakamani, hapakuwa na cha kubaki. Madeni yakafutwa. Cherehani iko, na kiti cha mkuu wetu wa ofisi kilichochanika, fundi yule ndiye aliyekishona.

Sasa nisikilizeni. Mwezi uliopita lilibandikwa tangazo kwenye korido. Kwamba Bi Jikoni akiondoka, nafasi yake haitajazwa, na ziara za nyumbani zinakwisha. Kwamba wateja watajijazia wenyewe kwenye kompyuta, hapo hapo penye benchi. Nimeifungua hiyo kompyuta nikaitazama. Ina kodi, ina umeme, ina chakula, halafu ina kisanduku kimeandikwa "mengineyo." Mama wa fundi angekaa wapi humo? Angekaa kwenye mengineyo? Na nani angemwingiza, wakati mwanawe alikuwa tayari kupoteza kazi kuliko kumtaja?

Sababu waliyotoa ni mafuta ya gari. Wadai nao wamefurahi, wanasema siku zote kwamba tunafundisha watu kukwepa kulipa. Hao hao wanaompa mama wa watoto wachanga mkopo kwenye simu kabla hajamaliza kunyonyesha, wala hawamuulizi anakula nini. Kumuuliza wakati wa kumkopesha hawataki, na wakati wa kumdai hawataki vilevile. Basi nani amuulize? Mimi sikusoma sana, lakini hilo halihitaji chuo.

Bi Jikoni hakubandika jibu. Alikwenda kwa mkuu akamwambia, "Baba, najua mnanichangia zawadi. Msininunulie saa ya ukutani, nyumbani ninazo tatu. Zawadi yangu ni hii: twende wote ziara yangu ya mwisho." Mkuu akasema ana kikao. Bi Jikoni akamwambia atamsubiri kikao kiishe. Akakaa mlangoni na mkoba wake magotini mpaka mkuu akaona aibu kupitapita mbele yake.

Tulikwenda kwa dereva wa lori aliyeachishwa kazi. Jikoni palikuwa padogo, mkuu akapewa ndoo iliyogeuzwa, akaikalia. Akatoa kalamu, akauliza kwa adabu, "Matumizi yenu ya chakula kwa mwezi ni kiasi gani?"

"Ya kawaida tu, mzee," akasema dereva. "Tunajibana."

Mkuu akaandika kitu. Bi Jikoni akamwachia amalize, kisha akamgeukia mke wa dereva, kama mtu anayepiga soga tu. "Mwanangu, jana jioni mlikula nini hapa?"

"Watoto walikula."

"Na nyinyi?"

Mwanamke akachukua kifuniko cha sufuria, akakifuta, ingawa kilikuwa kisafi. Mumewe akasema, "Sisi watu wazima, mama." Basi.

Mkuu akaitazama karatasi yake. Akakata alichokiandika. Akauliza tena, polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia sasa hivi: "Na juzi?"

Tulikaa pale mpaka jua likahama mlangoni. Watu wazima wawili waliandikwa kwamba nao wanakula, na ile bajeti ikaonyesha pengo lililokuwepo siku zote. Njiani kurudi Bi Jikoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakujisifu.

Jumatatu tangazo likabanduliwa. Likawekwa lingine: ziara za nyumbani zitaendelea siku mbili kwa wiki, na wa mapokezi, yaani mimi, nitapelekwa kusomea cheti. Siku mbili. Zilikuwa tano. Nilikwenda kulalamika kwa Bi Jikoni, akanitazama juu mpaka chini. "Umepewa mbili, chukua mbili. Ukisharudi na cheti, uwadai siku zako tatu. Nani atakunyima wakati unajua kelele kama mimi?"

Mkuu ameyasoma haya yote kabla hayajapelekwa kuchapishwa. Alikata sentensi moja, iliyohusu ndoo. Nikairudisha, naye akaona, akaacha.

Kwa niaba ya ofisi, na ya fundi na mama yake, na ya dereva na mkewe ambao kesi yao inasikilizwa mwezi ujao, na ya wengine wengi ambao hawatakuja kwenye sherehe kwa sababu hawapendi majirani wajue waliwahi kupita kwetu: asante, Mama. Uliingia kwenye nyumba za watu wakati wenyewe hawataki kuonekana, ukatoka umewaacha na heshima yao.

Nenda ukapumzike. Afya iwe yako, usingizi uwe mrefu, na chakula chako kiive kwa wakati. Na wewe ule kwanza, ushibe, asitokee mtu hata mmoja wa kukuuliza kimetumika kiasi gani.