Dennis Aende au Asiende?

Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za matairi ya lori, kando ya barabara kuu ya Tunduma, pale foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia inapojikunja kama nyoka aliyeshiba. Baridi ya asubuhi ilikuwa bado haijaondoka, na Ferista alikuwa anamimina kahawa ya Mbozi kwenye vikombe vidogo, moshi wa jiko ukimpiga machoni. Barnaba, fundi wa matairi ambaye mji mzima humwita Honi kwa sababu ya sauti yake, alifika Jumamosi hiyo akiwa na jambo kifuani. Timu yao, Radi FC, ilishuka daraja msimu uliopita. Uongozi mpya uliingia ukiwa na neno moja tu mdomoni: kujenga upya. Halafu ukatangaza kwamba kila mchezaji, awe mkongwe awe mgeni, aje ajaribiwe Jumamosi hiyohiyo saa tatu asubuhi. Aliyeguswa zaidi na tangazo hilo ni Dennis, nahodha na mshambuliaji, mdogo wake Honi wa tumbo moja. Jana jioni Dennis alimwuliza, "Kaka, niende au nisiende?" Honi akamjibu, "Subiri kwanza, kesho nikapate ushauri." Ushauri kwa Honi ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu.

— Asiende, alisema Mzee Andongwisye, ambaye kijiweni anaitwa Katiba, maana kwake hata kukohoa lazima kuwe kikatiba. — Nahodha hajaribiwi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Dennis ana miaka thelathini na mbili. Ameshakauka yule. Wakimkunja anavunjika.

— Mzee wangu, methali hiyo si ya malezi ya watoto?

— Na Dennis ni nani? Si mdogo wako?

Ni kweli Dennis alikuwa mdogo wake Honi. Baba yao alipofariki, ni yeye aliyembeba mgongoni kumpeleka kuangalia mpira, na ni yeye aliyempigia kelele ya kwanza alipofunga goli la kwanza. Alipiga funda la kahawa, ikamuunguza ulimi.

— Oya, ngojeni niwape mchongo wenyewe, alidakia Zabron, kijana wa kutoa mizigo forodhani, ndiyo maana wanamwita Wakala. — Mnajua watawajaribu vipi? Juzi nimepita uwanjani, nikasikia wakipanga. Watawapandisha wachezaji kwenye mzani!

— Mzani?

— Mzani, mzee baba! Mmoja mmoja. Sasa nyie niambieni, hapa Tunduma kitu gani kinapimwa uzito?

— Mzigo, alisema Katiba taratibu, kama mtu anayeanza kuona hatari.

— Umeona! Na mzigo ukishapimwa, safari ni kuvuka. Ile siyo timu tena, ni shehena. Dennis akikanyaga ule mzani tu, mtasikia yuko Lusaka.

— Lakini kucheza Lusaka si jambo zuri? Honi aliuliza.

— Zuri kwa nani, kaka? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Honi alijitahidi kuielewa methali ile. Mgeni ni nani hapa? Mwenyeji ni nani, na anaumwa nini? Akatazama lori lililokuwa mbele yake, akaona afadhali lenyewe linajua liendako.

— Jamani, si wanapima afya tu? alisema Ferista akichochea mkaa. — Hata kliniki watoto wanapimwa uzito.

— Dada Ferista, kliniki wanapima anayekua, alijibu Zabron. — Mshambuliaji wa miaka thelathini na mbili anakua kwenda wapi?

Katiba alikiweka kikombe chini. Alipofanya hivyo, kijiwe kilijua kuna neno zito linakuja.

— Nyinyi hamjaona mbali. Sikilizeni. Timu ikijengwa upya, inakuwa ni timu gani?

— Mpya.

— Timu mpya ilishawahi kushuka daraja?

Katiba alinyoosha kidole juu.

— Basi! Haijawahi kushuka. Kwa hiyo, kikatiba, sisi bado tupo daraja la juu. Hata wakubwa wa mpira hawajui.

Kwa muda mfupi Honi alisikia furaha ikimpanda. Aliikumbuka siku ile ya kushuka, Dennis alivyokaa chini katikati ya uwanja mpaka watu wote wakaondoka, naye amesimama nje ya mstari wa chokaa akishindwa hata kumwita. Tangu siku ile mdogo wake hakuwa mtu wa maneno. Kama kweli kushuka kule kungeweza kufutwa!

— Kwa hiyo sasa aende? aliuliza kwa haraka.

— Asiende! Katiba alimaka. — Akienda mchezaji wa zamani, timu inakuwa ya zamani. Tunashuka palepale!

Honi alishika kichwa.

— Mi nimebadilisha mawazo, alisema Zabron. — Aende. Nimeshawaelewa hawa viongozi, wana akili kuliko forodha. Wanataka Radi mbili. Moja huku Tunduma, nyingine ng'ambo Nakonde.

— Za nini mbili?

— Saa, kaka, saa! Zambia wako nyuma yetu saa moja. Radi ikifungwa huku saa kumi jioni, inavuka mpaka, inakuta kule ni saa tisa. Mechi hata haijaanza! Inarudia. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, lakini hawa wanachelewa kwa kwenda nyuma, kwa hiyo mwana anabaki wao.

Hata Katiba alitikisa kichwa kwa heshima. Honi ndiye aliyeshtuka zaidi, maana neno saa lilimkumbusha. Akatoa simu. Ilionyesha saa mbili na nusu.

— Bado nusu saa, alisema akipumua. — Naweza kumwambia.

— Nusu saa wapi? Mimi yangu inasema saa tatu na nusu, alisema Zabron.

— Simu yako imeharibika.

— Yako ndiyo imeshika mnara wa Zambia! Angalia jina la mtandao.

Waligeuziana simu, kila mmoja akiikodolea ya mwenzake. Honi alipiga hesabu. Ikiwa ni saa tatu na nusu, basi Dennis amekaa nyumbani akingoja neno la kaka yake, na nafasi imeshapita. Ikiwa ni saa mbili na nusu, bado ni lazima amwambie neno, na neno lenyewe hana.

Mwisho wa ubao alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, Atuganile, na gunia lake la maharage, akisubiri gari la kwenda Ndalambo. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo bila kutia neno. Sasa akaweka kikombe magotini.

— Samahani wanangu. Huyo Dennis, mwenyewe anataka kucheza?

Katiba alitazama juu, kama kwamba kifungu kinachohusika kimeandikwa mawinguni. Halafu wote wakamgeukia Honi.

Honi hakujua. Jana hakuuliza. Mdogo wake alikuja na swali, yeye akalichukua swali lile kama tairi la mteja, akaja nalo hapa. Alipiga simu. Iliita sana. Ilipopokelewa, kwanza ulisikika upepo, kisha filimbi.

— Dennis! Uko wapi?

— Uwanjani, kaka.

— Si nilikwambia usubiri?

— Nimesubiri mpaka nimechoka. Kaka, siwezi kuongea, nimetolewa kunywa maji tu. Wameniweka golini.

— Golini? Wewe mshambuliaji!

— Hata mimi sielewi. Wamesema nina mikono. Nimedaka penalti mbili!

Na akacheka. Kicheko kirefu cha tumboni, ambacho Honi hakuwa amekisikia tangu timu ishuke. Kisha simu ikakatika.

— Kasemaje? aliuliza Ferista.

— Kawekwa golini.

— Golini! Katiba alisimama. — Kikatiba... Akaketi tena.

— Kwa hiyo anataka, alisema mama Atuganile.

— Sijui, mama. Lakini amecheka.

— Ngojeni, alisema Zabron akinyoosha kikombe aongezewe. — Mshambuliaji akikaa golini, maana yake kipa anakwenda kushambulia, na kipa akishambulia...

Ferista aliinamisha birika, likatoa mashapo tu. Zabron alipoinua macho amwulize Honi anaonaje, Honi alikuwa ameshapenya katikati ya malori mawili kuelekea uwanjani. Alikuwa hajajua bado kama amefurahi au amekasirika, ila alikuwa anatembea upesi, na kila hatua ikawa upesi zaidi.