Muattar, Niliyemgombania na Watoto Wachanga

Ndugu, majirani, na akina mama mliojaa hadi barabarani, mimi Ubaydullo Karimov, mumewe, nawasomea mwenyewe habari za maisha ya Muattar Qodirova, kwa sababu wengi wenu mnadhani mlimjua kuliko mimi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Istaravshan, mtoto wa tatu wa mhunzi wa visu, akasoma hapa hapa, akahitimu ukunga mjini Khujand mwezi Juni 1977, akaajiriwa katika wodi ya wazazi, ambako watoto walitengwa na mama zao na kuletwa kunyonya kwa saa maalumu, jambo alilolipinga tangu mwezi wa kwanza, akakaripiwa kwa maandishi mara mbili.

Tulifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1979, tukajaliwa Farrukh mwaka 1981 na Nigina mwaka 1984, nao wakanyonya miaka miwili kamili kila mmoja. Mimi nilifundisha jiografia chuoni, na siku niliyotetea tasnifu yangu, tarehe 22 Mei 1989, alitoka ukumbini kabla sijamaliza, kwa kuwa mzazi mmoja alikuwa amevimba matiti na mama mkwe wake keshaanza kumpa mtoto maji ya sukari. Aliporudi nilimwuliza, "Yaani kitoto cha watu kimenishinda mimi?" Akanijibu, "Wewe una meno, Ubaydullo, chenyewe hakina." Nilicheka, lakini sikusamehe. Miaka thelathini niliwaonea wivu watoto wasiojua hata jina lake, maana aliingia katika nyumba za wazazi wasiotimiza siku arobaini, ambamo mgeni haingii, nami nikamsubiri nje ya ukuta, nimeshika koti lake.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2019, na aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali tarehe 3 mwezi huu, niliweka kiti langoni, nikawaambia wote mliokuja na wali wa maziwa kwamba amelala. Haikuwa kweli, naomba radhi. Tarehe 15 akaja Sadbarg wa mtaa wa juu na mtoto wa siku tisa, amevunja arobaini yake kwa sababu mtoto amekataa titi. Nikasema amelala. Mtoto akalia, na kutoka ndani nikasikia, "Mlete huyo, bawabu wee!"

Kwa kawaida Muattar hakubishana na mama mkwe wa mtu, bali alimketisha nyuma ya mzazi awe egemeo lake, ili ushindi uwe wa wote wawili. Siku ile mama mkwe hakuwapo, Muattar akataka kukaa yeye nyuma ya Sadbarg, lakini hakuweza hata kuketi bila kushikwa. "Njoo unishike mgongo, uso ugeuzie ukutani," akaniambia. Nikamshika. Sikuona kitu, nilisikia tu mtoto akimeza, na mgongo wa mke wangu ukilegea kifuani pangu kwa dakika arobaini, muda ambao hakuwa amenipa mwaka mzima.

Alifariki jana, tarehe 19 Septemba 2021, saa nne asubuhi. Kwa madhehebu yetu mume hamwoshi mkewe, kwa hiyo mlimwosha ninyi akina mama, nami nikasimama uani nikiwaonea wivu.

Nawashukuru madaktari wa figo, wakunga wenzake, majirani mliochota maji, na Sadbarg, aliyenipa dakika zile bila kujua. Pumzika kwa amani, Muattar, mama wa wengi, mke wangu mimi peke yangu.