Kikombe Alichokifunika Mzee Gasana

Nani kati yenu mliokaa hapa hajanong'onezwa kwamba Mzee Gasana ameuawa na viazi vya maabara alivyopikiwa na binti yake? Msiinue mikono, tunajuana, na wengine mmenong'onezwa humu humu msibani, sahani zikiwa mapajani. Familia imeomba historia hii isomwe taratibu na isomwe yote, kwa Kiswahili, ili ndugu zetu waliofika kutoka Karagwe wasikie sawasawa na majirani wa hapa Busanza, na kila mtu arudi kwake na habari moja badala ya tano.

Marehemu Gasana Arthur alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 huko Rukira, Kibungo, na mwaka 1961 alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, wakapita Ngara, wakaja kutulia Karagwe, nchini Tanzania. Alisoma shule ya msingi Nyabiyonza kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari mjini Bukoba hadi kidato cha nne mwaka 1974, na mwenyewe alipenda kusema kwamba alifaulu vizuri mno, ingawa cheti hicho hakuna mtu wa familia aliyewahi kukitia machoni.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa karani wa ghala katika chama cha ushirika cha kahawa, na huko ndiko alikojifunza kazi iliyomjengea jina, kutia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, kutoa punje za katikati, kuzinusa, na kusema "Rudisha" bila kueleza sababu. Tarehe 18 Agosti 1984, kanisani Kayanga, alifunga ndoa na Béatha, ambaye yuko hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Uwera, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1986, na Shami, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1990. Septemba 1996 familia ilirudi nyumbani, ikapanga chumba na sebule Rwezamenyo, Kigali, nyuma ya fundi cherehani aliyewapikia pilau ya Idi kabla hawajajua hata jina lake, na mwaka 1998 marehemu akapata kazi ya utunzaji wa ghala katika kampuni moja iliyopeleka vyakula kwenye ndege pale Kanombe. Alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2016, na wenzake wa zamani waliofika leo wanajua kwamba hakuna nyanya iliyopanda ndege bila idhini ya pua yake.

Uwera alisomea kilimo Morogoro, akaongeza shahada ya pili, akarudi Kigali, na mwaka 2022 akaingia katika timu ya watafiti wanaojaribu viazi vilivyobadilishwa chembe za urithi ili visiugue ule ukungu unaochoma majani, ambao humlazimisha mkulima kupiga dawa karibu kila wiki mvua zikianza. Baba yake hakupendezwa, na tusimwonee, maswali yake mengine yalikuwa mazuri, aliuliza mbegu hizo ni za nani, aliuliza mkulima ataruhusiwa kuhifadhi yake au itabidi arudi dukani kila msimu, na Uwera mwenyewe alimwambia kwamba maswali hayo hata wao watafiti wanaulizana. Mengine aliyatoa kwenye simu, ambako mtu asiyemjua alikuwa anamtumia sauti za kumweleza kwamba anayekula viazi hivyo hatazaa, habari aliyoisikiliza kwa makini akiwa na miaka sitini na sita. Ubishi huo hatuji kuuzika leo pamoja naye, una afya kuliko sisi sote, lakini jambo moja liwe wazi, viazi vya majaribio havitoki nje ya uzio, vinapimwa na kuteketezwa humo humo, na hakuna aliyewahi kuvila, si nyumbani kwa Uwera wala kwa mtu mwingine.

Jumapili tarehe 19 Novemba 2023 Uwera alifanya sherehe ya kumpa jina mtoto wake wa kwanza, Kaliza, na viazi vilivyopikwa siku hiyo vilitoka katika gunia la sokoni ambalo yeye na mama yake waligawana nusu kwa nusu. Marehemu alikula, akaongezwa, akambeba mjukuu, akaimba. Wiki hiyo hiyo aliumwa tumbo vibaya, na wiki hiyo hiyo gunia la karanga alilolinunua kwa mbwembwe, akilisifia kila jirani, likatoweka stoo, akasema ameibiwa, na tukashangaa kidogo, mtunza maghala tangu ujana wake kuibiwa nyumbani kwake mwenyewe, lakini hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 25, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, majembe yakiwa bado na udongo, kikao kilifika kwenye habari ya mbegu mpya, na jirani yetu Achille, ambaye tunamwona pale kwenye kiti cha bluu, aendelee tu kukaa, akapaza sauti.

"Mzee, hizo viazi si iko natengenezwa na binti yako? Sasa kwako munakula nini?"

Watu wakacheka, na marehemu, ambaye hakuwahi kuchekwa juu ya chakula maisha yake yote, akasimama.

"Nimekula kwake Jumapili, na tangu Jumatatu tumbo langu halijatulia. Mimi sisemi zaidi."

Hakuwa na haja ya kusema zaidi, kwa sababu mnajua wenyewe maneno hayo yana uzito gani hapa kwetu, ambako mwenyeji huonja kwanza kinywaji ndipo ampe mgeni, ili mgeni anywe bila wasiwasi. Kabla jua halijazama, Uwera alikuwa ameshapigiwa simu na watu watatu wa kumpa pole kwa jambo ambalo hakulijua. Tangu hapo wageni wake walipokea chai kwa heshima zote, wakakishika kikombe mpaka maziwa yakaota utando juu, wakaaga. Mama mkwe wake alikuja kumwona mjukuu akiwa na chupa yake ya chai kwapani. Béatha alieleza habari ya gunia walilogawana mpaka akachoka, maana kila alipoeleza aliambiwa, "Mama, wewe ni mzazi, lazima utamtetea."

Siku ya Krismasi mwaka huo, nyumbani kwa marehemu, Uwera alimimina chai, akaionja mbele ya wote, akampa baba yake kwa mikono miwili. Marehemu alikipokea kikombe, akakiweka mezani, akakifunika na kisosi. Uwera alikifunua, akainywa chai yote akiwa amesimama, akakiosha kikombe, akaondoka. Hakuacha kuja, alikuja karibu kila Jumapili, ila alileta sabuni, mafuta ya kujipaka na betri za redio, vitu visivyoliwa, na baba na binti waliongea vizuri tu juu ya hali ya hewa, karibu miaka miwili.

Kuhusu ugonjwa, moyo wa marehemu uligunduliwa kuwa umepanuka mwaka 2019, kabla hajasikia habari ya kiazi chochote cha maabara, na daktari alimpa dawa ambazo alizinywa pale alipojisikia kukubaliana naye. Tarehe 6 Oktoba 2025 miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi, akalazwa, na Jumanne tarehe 14, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, mkewe akiwa amemshika mkono. Daktari ameandika kwamba ni moyo, na alirudia kutuambia mara mbili kwa mdomo, kwa sababu tulimwomba arudie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, maana marehemu alinusa kila dawa kabla ya kuimeza, inawashukuru majirani kwa turubai na viti, wenzake wa Kanombe, wenzake Uwera waliojipanga nyuma wakidhani hawakaribishwi, sogeeni mbele, na hata waliokuja kuchungulia kama tutapika viazi. Tumepika. Vimetoka sokoni, na Uwera ndiye aliyevikaanga.

Limebaki moja, ambalo marehemu aliagiza lisomwe mbele ya watu walewale waliomsikia baada ya umuganda, kwa sababu alilolisema hadharani hakutaka lifutwe chumbani.

Jumapili tarehe 12, saa za kuona wagonjwa, walikuwapo Béatha, Shami, mchungaji wetu, na Achille, aliyeleta matunda. Uwera alimimina chai kutoka kwenye chupa, akainua kikombe aonje kama desturi ilivyo, na baba yake akanyoosha mkono.

"Lete hivyo hivyo."

Akakipokea kabla hakijaonjwa, akanywa, akakirudisha kitupu. Uwera alibaki amekishika hajui akiweke wapi.

"Tangu asubuhi unatafuna maneno," Béatha akamwambia mumewe. "Yateme."

"Achille asogee kwanza. Yeye ndiye redio ya Busanza."

Achille akasogea.

"Zilikuwa karanga zangu," marehemu akasema. "Zililowa. Nilizinusa nikajua zimeota ukungu, mimi huyu, nikazikaanga nikazila Jumatatu, nisije nikakubali kwamba Gasana amenunua bidhaa ya kurudishwa. Mwizi hakuna. Gunia nililifukia nyuma ya bafu."

"Na mimi nilivyomwombea mwizi wa watu balaa!" Béatha akasema, na Shami akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Uwera alikaa kitandani miguuni mwa baba yake, akacheka, akalia, akacheka tena, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao kichwa kilishauzoea.

"Malizia," Béatha akamwambia mumewe. "Na useme kwa nguvu, mchungaji masikio yake mazito."

Marehemu akajiinua kwenye mto, akavuta pumzi yote aliyobakiwa nayo, akasema kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wa vitanda vya dirishani wageuke:

"Viazi vya mwanangu vilikuwa vizuri, nilikula sahani mbili. Hakunilisha sumu. Nilimsingizia, mimi Gasana."

Tumekusikia, Mzee, wote. Sasa pumzika.